Maji ya Marehemu

Tulipoachana wiki iliyopita, vidole vya Spana vilikuwa vimelizunguka koo la Bi Rudisha, na ufunguo wa ofisi ulikuwa umeshaingia mfukoni mwa mwanamume huyo. Vidole bado viko palepale. Ufunguo pia.

"Anuani," Spana alisema. Hakupaza sauti. "Maji yalikuwa yanapelekwa wapi?"

Bi Rudisha alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Alimparura mikono, lakini mikono ya fundi malori imezoea chuma cha moto, na kucha za mwanamke wa ofisini haziisumbui.

"Sema."

Bi Rudisha alilionyesha koo lake kwa kidole. Spana akaelewa, akalegeza kidogo.

"Ukininyonga," alisema huku akikohoa, "nitakujibu na nini?"

Kofi alilopigwa lilimpeleka mpaka kwenye kabati la mafaili. Alianguka na trei ya chai, vikombe vikamvunjikia mgongoni.

Wewe uliyefungia sabuni gazeti la wiki jana kabla ya kulisoma, nisikilize upesi, maana mwenzako yuko sakafuni.

Bi Rudisha anakaa kwenye dawati la marejesho. Kampuni yake inakusanya malipo ya mtandaoni kwa niaba ya wafanyabiashara wengine: wa filamu za simuni, wa mazoezi ya viungo, wa maji ya kunywa yanayoletwa nyumbani kwa madumu. Unaingiza kadi yako mara moja tu, basi, unakatwa kila mwezi mpaka wewe mwenyewe useme imetosha. Wengi husahau kusema. Siku wakikumbuka humpigia Bi Rudisha, wakamtukana kwanza, ndipo wakaomba pesa zao. Naye huzirudisha, na jina akalipatia hapo.

Kazi hiyo ina sheria moja isiyopindishwa. Pesa hurudi kwenye kadi iliyolipa. Hairudi kwa anayelia, wala kwa anayeihitaji.

Sasa huyu Spana ni shemeji yake, mume wa mdogo wake wa mwisho, ambaye kwao tangu utotoni wanamwita Kitinda. Kitinda alimkimbia Spana akiwa na ubavu uliovunjika. Alipopata chumba cha kujificha, aliingia kwenye akaunti yake ya maji akabadilisha anuani ya kupelekewa. Alichosahau ni kadi. Kadi ilibaki ile ile ya mumewe. Kwa hiyo Spana, ambaye ujumbe wa kukatwa vijipesa vidogo hausomi, akawa anamnunulia maji mwanamke aliyemtoroka, na angeendelea kumnunulia hadi azeeke.

Bi Rudisha aliligundua jambo hilo asubuhi ya leo. Akasitisha makato papo hapo, na hapo ndipo angeinua mikono yake akaiweka mapajani. Lakini mikono ya watu wa marejesho ina mazoea: ukishasitisha, unarudisha. Kidole kikabonyeza hapa, kikabonyeza na pale, kabla akili haijafika. Pesa ya mwezi ule ikarudi kwenye kadi iliyolipa.

Simu ya Spana ikalia gereji. *Umerejeshewa malipo yako ya maji.* Ujumbe wa kukatwa huupita, lakini ujumbe wa kuingiziwa hata aliyelala anaamka kuusoma. Spana hana maji yoyote anayoletewa nyumbani. Akafikiri kidogo, akachukua spana kubwa kuliko zote alizonazo, akaja.

Basi hapo ndipo tulipo.

"Inuka," Spana alisema. "Kaa kwenye kompyuta."

"Shemeji, mimi ni mfanyakazi tu hapa. Anuani za wateja siruhusiwi kutoa."

Spana alicheka. Akauchukua mkono wa kushoto wa Bi Rudisha taratibu, kama anayetaka kumvisha pete. Akakishika kidole cha mwisho, akakikunja upande ambao kidole hakikunjiki.

Kilio alichotoa Bi Rudisha kilisikika mpaka ukumbini.

Mlango ukagongwa. "Mama, kuna nini humo?" Ilikuwa sauti ya mlinzi, mtu mzima mwenye tumbo, aliyemruhusu Spana kupita kwa sababu alisema ni shemeji na amekuja na ujumbe wa nyumbani. Wenzake Bi Rudisha wote walikuwa wametoka kwenda kula.

Spana alimwekea spana kisogoni. "Mjibu vizuri."

"Hakuna kitu," Bi Rudisha alisema. "Nimejibana kidole kwenye droo."

Kisha wakasikia funguo zikichezacheza. Mlinzi hakuridhika, na mlinzi ana funguo za akiba za kila mlango. Bi Rudisha alishukuru moyoni. Shukrani hiyo haikuishi sana.

Mlango ulipofunguka, Spana alikuwa nyuma yake. Mlinzi aliingia hatua moja, akauliza, "Mbona mme..." na spana ikamshukia kwenye mfupa wa bega. Mlio wake ulikuwa mkavu. Alipiga magoti, akapigwa tena mgongoni, akalala kifudifudi juu ya vipande vya vikombe. Spana akaufunga mlango kwa mguu.

"Muache," Bi Rudisha alisema. "Muache, ana watoto. Nakupa."

"Ulikuwa na haja gani ya kusubiri mtu aumie?"

Akaketi. Mkono mmoja ulikuwa umeanza kuvimba, akaandika kwa ule mwingine. Na kichwani akili zilikuwa zinakimbia.

Anuani ya Kitinda anaijua. Asubuhi, baada ya kuona alichokifanya, alimpigia simu dereva wa gari la maji, mtu pekee mwingine aliyekijua kile chumba kwa sababu ndiye anayebeba madumu hadi mlangoni. Alimwambia, "Mhamishe sasa hivi. Mpeleke popote, na mimi usiniambie ni wapi. Nikijua nitasema. Namfahamu shemeji yangu." Dereva alisema sawa. Tangu hapo simu yake haipatikani. Je, ameshamhamisha, au bado yuko kwenye foleni na madumu yake? Bi Rudisha hajui. Kuitaja anuani ile ni kumchezea mdogo wake bahati nasibu.

Anahitaji anuani nyingine. Lakini akitaja nyumba ya mteja yeyote, anampelekea mtu asiye na hatia jitu lenye chuma mkononi.

Hapo akamkumbuka Mzee wa Madumu.

Mzee huyu amekufa. Binti yake anayeishi ng'ambo alipiga simu analia, akiomba baba yake asikatwe tena pesa za maji. Bi Rudisha alimpa pole, akamweleza utaratibu: makato yanasitishwa na mwenye kadi mwenyewe, la sivyo vyeti viletwe. Vyeti havijaletwa. Mwenye kadi hawezi kupiga simu. Kwa hiyo marehemu anaendelea kulipa, dereva anaendelea kushusha madumu, na nyumba imefungwa, haina hata panya wa kuyanywa. Dereva mwenyewe ndiye anayelisimulia jambo hili kila akija ofisini, na kila mara huwa wanacheka. Alishasema mlango wa mbele ni wa chuma, na watoto wa mzee wameufunga kwa komeo la nje na kufuli.

Komeo la nje. Bi Rudisha alipiga moyo konde, akaandika namba ya akaunti ya marehemu.

"Hiyo hapo," alisema.

Spana aliinama kusoma. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Kisha akamshika nywele za kisogoni.

"Kadi hii siyo yangu. Mimi tarakimu zangu za mwisho nazijua. Na jina hili ni la mwanamume. Unanifanya mtoto?"

"Yako nimeiondoa leo," Bi Rudisha alijibu, na uongo ukamjia bila kutafutwa. "Ndiyo maana ukarudishiwa pesa. Sasa analipiwa na kadi ya mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba gani?"

"Mzee mmoja. Anaishi naye."

Lo, msomaji wangu, ungeuona uso wa Spana. Mtu aliyekuwa anashuku kila herufi dakika ile ile aliacha kushuku. Wivu ukishamshika mwanamume wa namna hii, hahitaji tena ushahidi. Alisimama wima, akapumua kwa pua, akaipitisha spana kutoka mkono huu kwenda ule.

"Mzee," alisema. "Ameniacha mimi kwa mzee. Nawaua wote wawili."

*Mmoja itabidi umfukue,* Bi Rudisha aliwaza. Wakati mwingine mtu hucheka moyoni akiwa anavuja damu.

"Nenda basi," alisema. "Anuani umeipata."

"Twende wote. Ukiwa umenidanganya, nataka uwe karibu."

Walimruka mlinzi aliyekuwa anagugumia, wakashuka ngazi za nyuma, zile za wafagiaji. Spana alimkumbatia mabegani kama shemeji mwema anayemsindikiza mgonjwa, na spana ilikuwa imejificha ndani ya koti, ikimgusa ubavuni. Walipishana na karani wa mapokezi anayerudi kutoka kula, akijichokonoa meno.

"Dada, unaumwa?"

"Kidole tu," Bi Rudisha alisema. "Panda juu haraka, mlinzi ameanguka."

Spana akambana ubavu. Lakini karani alikuwa ameshaanza kukimbia, na kumfuata ingekuwa vurugu. Walitokea nje kwenye jua kali, akamsukuma ndani ya gari lake bovu la kubebea vyuma.

Njiani Spana hakunyamaza.

"Wewe dada mtu, unajua mdogo wako alichonifanyia? Nilimkosesha nini? Chakula? Nguo?"

"Ulimvunja mbavu."

"Hasira. Kila mtu ana hasira."

"Mbona gereji huwavunji wateja?"

Alimpiga kwa nyuma ya kiganja bila hata kuondoa macho barabarani. Damu ya pua ikamdondokea kwenye kitambulisho cha kazi kilichokuwa kinaning'inia kifuani. Bi Rudisha akaifuta picha yake mwenyewe kwa kidole gumba, akarudia mpango wake kichwani. Aingie yeye kwanza. Mimi nyuma. Nivute mlango, nisukume komeo, nikimbie nikaite watu.

Ulikuwa mpango mzuri. Nasema hivyo nikijua yaliyofuata.

Nyumba ya Mzee wa Madumu ilikuwa ya ghorofa moja, mwisho wa mtaa mtulivu wenye kuta ndefu. Spana aliliacha gari kona ya nyuma, wakatembea. Geti dogo halikuwa limefungwa. Vumbi lilikuwa limelala kwenye baraza, madirisha yote yana nondo, na kufuli kubwa lilining'inia kwenye komeo la mlango wa chuma.

"Limefungwa kwa nje," Spana alisema, na shaka ikamrudia machoni. "Mtu anaishije ndani ya nyumba iliyofungwa kwa nje?"

"Ungekuwa umemkimbia mtu kama wewe," Bi Rudisha alisema, "ungefunga kwa nje au kwa ndani?"

Spana alitikisa kichwa kidogo, kama fundi anayekubali kazi ya fundi mwenzake. Aliingiza mpini wa spana kwenye kufuli, akaukaba, akavuta. Kufuli likakatika, kipande kikaruka kwenye maua yaliyokauka. Alilisogeza komeo, akausukuma mlango, giza la nyumba iliyokaa bila watu likawapokea.

"Tangulia," alimwambia.

Mpango ukatetereka. Bi Rudisha aliangalia ndani, akaangalia viatu vyake. "Nitangulie nimpigie kelele akimbilie dirishani? Sawa."

Spana akafikiri. Kisha akamsukuma pembeni, akaingia yeye.

Bi Rudisha aliuvuta mlango kwa uzito wake wote. Ukajifunga kwa kishindo. Akalisukuma komeo, likakwama katikati, akalisukuma tena kwa kiganja cha mkono wenye kidole kilichovunjika, akaona nyota, na likaingia mpaka mwisho.

Upande wa pili chuma kilianza kupigwa.

"Fungua! Fungua, mwanamke mwendawazimu wewe!"

Alikaa kwenye baraza, mgongo kwenye ukuta, akacheka huku analia. Amemnasa. Jitu zima limenaswa na mwanamke wa marejesho, ndani ya nyumba yenye nondo kila dirisha. Aanze kumwita nani? Polisi? Majirani? Avute pumzi kwanza.

Matusi yaliendelea. Chuma kiliendelea. Kisha vyote viwili vikakoma kwa pamoja.

Alisogeza sikio kwenye mlango.

Ndani, Spana alizungumza tena, na safari hii sauti ilikuwa laini, sauti ya mtu aliyefika nyumbani.

"Kumbe kweli upo hapa, mke wangu."

*Anaigiza,* Bi Rudisha aliwaza. *Anataka nifungue.*

Halafu akasikia kilio cha Kitinda.

Kilio kile hakiigiziki. Amekisikia tangu mtoto huyo anaota meno. Na papo hapo akaelewa, na alivyoelewa alitaka kujipasua kichwa ukutani. Dereva ameambiwa ampeleke popote. Dereva anaijua nyumba moja tu iliyo tupu na salama, nyumba ambayo amekuwa akishusha madumu kwa ajili ya maiti, na alikuwa na ufunguo wa mlango wa jikoni tangu enzi za uhai wa mzee, kwa sababu mzee hakuweza kubeba. Dereva na Bi Rudisha walicheka kichekesho kimoja, na kila mmoja kwa wakati wake akakimbilia ndani ya kichekesho hicho.

Amemleta Spana kwa mkono wake. Na komeo amelifunga kwa mkono wake.

Lilikuwa limekaza. Alilivuta kwa kulia, likagoma. Alilivuta kwa mikono yote miwili na kidole kile kikamwambia maneno mabaya, naye akakitukana, akavuta. Ndani kitu kizito kilianguka. Komeo likaachia, Bi Rudisha akaingia bila silaha, bila mpango, na bila kufikiri.

Ukumbi ulikuwa umejaa maji. Namaanisha madumu, yamepangwa ukutani kuanzia mlangoni hadi chini ya ngazi na juu ya ngazi zenyewe, dumu baada ya dumu, yote yamejaa, mihuri haijakatwa. Katikati Spana alikuwa amemshika Kitinda nywele na anamburuta kutoka ngazi ya chini. Kitinda alikuwa pekupeku, ameshika ubavu wake mbovu.

"Huyo mzee yuko wapi?" Spana alikuwa anauliza. "Yuko wapi huyo mzee wako?"

"Mzee gani?"

Akampiga.

Bi Rudisha alimrukia mgongoni. Hajawahi kupigana tangu shule ya msingi, na alipigana kama wa shule ya msingi: alimng'ata sikio. Alilishikilia kwa meno mpaka akaonja chumvi. Spana alinguruma, akamwachia Kitinda, akazunguka na kumbamiza shemeji yake ukutani, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka meno yakaachia. Kisha spana ikapita hewani na kumpata begani. Mkono wote ulikufa ganzi.

"Dada!"

"Panda juu," Bi Rudisha alisema kutoka sakafuni. "Panda, Kitinda. Usiniangalie mimi."

Kitinda alipanda. Alipanda kwa mikono na miguu, akiyashika madumu kama nguzo. Spana alijishika sikio, akaangalia damu kiganjani, akaamua nani wa kwanza. Akaanza kupanda pia, bila haraka, kwa sababu juu hakuna pa kwenda.

"Shuka, tuongee."

"Tumeshaongea sana," Kitinda alisema akiwa ameshafika juu. Aliegemea ukuta, akainua mguu, akalisukuma dumu la kwanza.

Lilidunda ngazi moja baada ya nyingine. Spana aliliruka. Aliliruka vizuri, na akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza, maana alikuwa bado anageuka kulitazama lile lililopita wakati la pili lilipokuja. Lilimpata kifuani. Mikono yake ilitafuta mahali pa kushika, ikakuta hewa. Alianguka kinyumenyume ngazi zote, kisogo kikagonga vigae vya sakafu, na dumu likapasukia juu yake.

Maji yalitapakaa ukumbi mzima, yakafika kwa Bi Rudisha alipolala. Yalikuwa na wekundu.

Spana hakuinuka. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka.

Kitinda alishuka taratibu, akiyakanyaga maji. Akaiokota spana. Aliipima uzito wake, akapiga magoti karibu na mkono wa kulia wa mumewe, akauweka vizuri juu ya kigae, vidole vimekunjuka.

"Mkono ni huu," alisema.

Akaushushia spana. Bi Rudisha aliona yote na hakumzuia. Kitinda alipoiinua kwa mara ya pili, ndipo dada yake alipomkamata kiwiko.

"Imetosha."

"Haijatosha."

"Najua. Lakini nisaidie kumfunga kwanza, mimi nina mkono mmoja."

Walikata kamba za mapazia ya marehemu, wakamfunga miguu na mikono, wakamgeuza ubavu asije akasongwa na damu yake. Kitinda akabaki amesimama juu yake, spana mkononi. Dada yake alimvuta, wakakaa kwenye maji wakiwa wameegemeana, yule mwenye mbavu mbovu na yule mwenye bega bovu, na kila mmoja akamwumiza mwenzake kidogo kwa kumkumbatia.

"Nisamehe," Bi Rudisha alisema. "Mimi ndiye niliyerudisha ile pesa. Na mimi ndiye niliyemleta hapa. Niliamini nyumba haina mtu."

"Hata mimi niliamini hapa ni salama," Kitinda alisema. "Usiku kucha sikulala kwa hofu. Lakini umekuja."

"Dereva yuko wapi?"

"Amekwenda kununua mkate. Simu yake imeisha chaji."

"Nani mwingine anajua upo hapa?"

"Hakuna mtu." Kitinda akajifuta pua. "Mama tu. Nimempigia kwa simu ya dereva kabla haijazima, saa ile nilipofika, maana nilijua anakosa usingizi juu yangu. Amesema anakuja kunichukua, nikae kwake mpaka nipone."

Bi Rudisha alipumua. Mama ni mama. Alikuwa anajaribu kusimama ili atafute simu yake awapigie polisi, wakati simu nyingine ilipoanza kulia. Ilikuwa inalia ndani ya koti la Spana, lenye maji tele.

Aliitoa. Kioo kilikuwa kimepasuka, lakini jina lilisomeka. *Mama Mkwe.*

Alipokea. Hakusema kitu, alivuta tu pumzi nzito, kama anavyovuta mwanamume.

"Baba," sauti ikasema, sauti iliyomlea, "mbona hupokei? Achana na huyo mkubwa, atakuzungusha tu, ni mjanja huyo. Mdogo kanipigia mwenyewe, kanielekeza mpaka rangi ya geti. Nimeshafika. Nitamtoa nje kwa maneno mazuri, wewe njoo na gari umchukue mkeo. Ila tulivyokubaliana ni vilevile, baba, usimpige usoni. Na ile pesa yangu ya kila mwezi uliyoisimamisha alipoondoka, nikishakupa mtu wako uifungulie leo hii hii. Dawa zimeniishia."

Bi Rudisha aliiondoa simu sikioni. Mkono ulimwia mzito kuliko ule uliopigwa.

"Nani?" Kitinda aliuliza. "Mbona uko hivyo? Ni nani?"

Kabla hajajibiwa, geti dogo la nje likalia, nyayo zikapita kwenye majani makavu, na sauti ikaita kwa upole mkubwa kutoka barazani.

"Kitinda, mwanangu. Ni mimi mama yako. Nimekuletea nguo safi. Njoo nje, mama, twende nyumbani."

Uso wa Kitinda ukafunguka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu, akaitupa spana chini, na akakimbia pekupeku juu ya maji kwenda mlangoni.